Wamisionari wazee na Krismasi yao ya kwanza Nairobi: tuandae nini mapema?

KatibuWageni_Kahawa

Bwana asifiwe wapendwa. Kanisa letu hapa Kahawa West linapokea mume na mke wamisionari kutoka Minnesota, Marekani. Mzee ana miaka 71, mama ana 68. Wanatua tarehe 3 Desemba na watakuwa nasi miezi 18, wakifundisha walimu wa shule ya Jumapili na kupanga maktaba ya kanisa. Vibali vyao vinashughulikiwa na makao makuu, kwa hiyo hilo tuliache. Kinachonikosesha usingizi ni Krismasi. Wana wajukuu sita na hii itakuwa sikukuu yao ya kwanza mbali nao.

Tumewapatia nyumba ya vyumba viwili, ghorofa ya kwanza, yenye mita ya tokeni na jiko la gesi lenye oveni. Mzee ana presha, na usiku analala na mashine ya CPAP ya kumsaidia kupumua. Mama ana kisukari cha aina ya pili na goti moja linamsumbua. Ameandika akisema angependa kuoka biskuti za Krismasi kama za kwao, na anauliza kama aje na sufuria yake ya umeme, ile ya kupika polepole kutwa nzima. Wenzangu kwenye kamati wanataka tarehe 24 tuwapeleke Kakamega kwa mzee wetu wa kanisa, wale sikukuu huko, turudi nao tarehe 27.

Wanaoyajua mambo haya kwa undani, naomba mnipe hatua na vipimo. Moyo wa kuwapenda tunao tayari. Tunachohitaji ni maarifa.


FundiStima_Githurai

Amani kwako Katibu. Nianze na sufuria: mwambie mama aiache Minnesota. Stima ya kwao ni volti 120, yetu ni 240. Kifaa cha kupasha moto, iwe sufuria, pasi au chuma cha nywele, kikipewa volti maradufu hakivuti nguvu mara mbili, kinavuta mara nne. Sufuria ya wati 200 italazimishwa kuwa ya wati 800, na waya wake wa ndani haukutengenezewa joto hilo. Wageni wengi hudhani adapta ya plagi inatatua shida. Adapta inabadilisha umbo la meno tu, volti zinapita vilevile. Transfoma ya kupunguza volti ipo, ila inayoweza kubeba sufuria kwa saa nane mfululizo ni nzito kama tofali na yenyewe inachemka. Afadhali pesa hiyo inunue sufuria ya hapa.

Onyo hilohilo kwa taa za mti wa Krismasi. Nyuzi za taa za volti 120 akizichomeka kwenye soketi yetu zitaungua palepale, na zikiwa zimezungushwa kwenye mti mkavu huo ni moto ndani ya nyumba. Aje na mapambo yasiyotumia stima, taa mtanunua hapa.

Mashine ya CPAP ni habari nyingine. Karibu zote za siku hizi zinakubali volti zote mbili. Mwombe mzee apige picha ya kibandiko kilicho kwenye chaja yake. Kama kimeandikwa 100–240V, 50/60Hz, anahitaji adapta ya meno matatu bapa pekee. Kikisomeka 120V peke yake, mjue mapema, si usiku wa kwanza. Nunueni adapta tatu au nne, kwa sababu simu, kompyuta na mashine vitagombania moja.

Stima ikikatika usiku mzee ataamka akikosa hewa, kwa hiyo msingoje ikatike ndipo mtafute suluhisho. Mashine hizi bila kile chombo cha kupasha maji huvuta takribani wati 30 hadi 60. Chukulia 40 kwa saa nane, ni wati-saa 320. Betri ya kuhifadhi stima ya wati-saa 500 inamfikisha asubuhi, kwa sababu sehemu fulani hupotea wakati wa kubadilisha nguvu. Akiwasha kipasha maji, matumizi yanaweza kuongezeka maradufu na betri ikazimika saa tisa za usiku. Mfundisheni kuzima kipasha maji pale stima inapokatika.

Mambo mawili madogo yanayowachanganya Wamarekani. Soketi zetu zina swichi. Za kwao hazina. Atachomeka simu, asubuhi aikute haina chaji, na aseme soketi ni mbovu. Pili ni shawa ya umeme. Swichi yake kubwa iko nje ya bafu au juu ukutani: iwashwe kabla ya kuingia majini, kwa mikono mikavu. Maji yakiwa baridi, bomba lipunguzwe, si kuongezwa, kwa kuwa maji machache yanayopita polepole ndiyo yanayopata moto. Kile kijiti cha kuchagua joto kisiguswe maji yakitiririka. Kabla hawajafika, fundi afungue kifuniko ahakikishe waya wa athi, ule wa kijani na njano unaopeleka stima inayovuja ardhini, umeungwa. Nyumba nyingi za kupanga waya huo umekunjwa ukaachwa.

Tokeni nunueni tarehe 22 au 23 za kuwatosha hadi Januari, mziingize kwenye mita wenyewe. Zile tarakimu 20 mwandikie mama kwa makundi ya nne nne kwenye karatasi, asomee bila kukosea.


MuuguziMstaafu_Ruiru

Katibu, kabla ya yote waandikie leo hii neno moja kuhusu nyumba. Umesema ghorofa ya kwanza. Marekani ghorofa ya kwanza ni ile ya chini kabisa, unayoingia kutoka nje bila ngazi. Mama mwenye goti bovu amesoma barua yako akatulia kabisa. Mwambie ngazi ni ngapi na kama zina kishikio. Bora zaidi, kama kuna nyumba ya chini kwenye ploti hiyo, ombeni mbadilishiwe sasa.

Sukari: kipimo cha kwao kinasoma miligramu, chetu kinasoma milimoli. Namba yao ukiigawanya kwa 18 unapata yetu. 126 kwake ni 7 kwetu. Akimwambia daktari wa hapa kwamba sukari ni 140 kila mtu atashtuka, kumbe ni kama 7.8. Ubandikeni ukaratasi wa hesabu hiyo mlangoni mwa friji. Stripu za kipimo chake huenda zisipatikane kwenye duka la dawa la jirani, hivyo aje na za miezi mitatu au zaidi, au anunue kipimo cha hapa mara tu anapofika. Kipimajoto nacho: 100.4 ya kwao ni 38 ya kwetu, hiyo ni homa.

Dawa ziwe kwenye mkoba wa mkononi ndani ya ndege, katika chupa zake zenye majina, pamoja na barua ya daktari inayotaja jina halisi la dawa, si la kampuni. Wakiumwa kichwa wataomba acetaminophen dukani na muuzaji anaweza kusema hana. Ni paracetamol ileile. Tarehe nazo ziandikwe kwa maneno. 05/12 kwao ni tarehe 12 Mei, na kwa miadi ya kliniki hilo ni kosa kubwa.

Nairobi iko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari. Wiki ya kwanza watachoka haraka wakipanda ngazi na usingizi utakuwa wa kukatikakatika. Msiwapangie ziara tatu kwa siku. Jua letu la Desemba linadanganya, kwa sababu hewa ni ya baridi kidogo lakini jua lenyewe ni kali. Kama mzee anatumia dawa ya presha inayomkojoza, kama hydrochlorothiazide, ngozi yake inaungua upesi zaidi ya kawaida. Kofia ya ukingo mpana, na ibada ya nje wakae chini ya hema.

Maji ya kunywa yachemshwe hadi yatokote kabisa kwa dakika moja. Watumie maji hayo hata kupiga mswaki kwa miezi ya mwanzo. Mashine ya kupumua inataka maji yaliyotoneshwa (distilled), na yakikosekana yatumike yaliyochemshwa yakapoa, na chombo kisafishwe mara nyingi kwani kitajaa magadi. Maji ya betri ya gari yasikaribie kabisa mashine hiyo, hata muuzaji akisema ni safi.

Sasa Kakamega. Nasema kwa heshima: msiwapeleke Krismasi hii. Nairobi hatari ya malaria ni ndogo sana, Kakamega ni kubwa mwaka mzima. Mzee wenu wa kanisa amezaliwa kule na mwili wake umeshapambana nayo tangu utotoni. Wageni hawana kinga hata chembe, na malaria humzidia vibaya mtu wa miaka 70 kwa siku chache. Wakienda siku yoyote, waanze dawa ya kinga kwanza. Ile ya atovaquone na proguanil huanzwa siku moja au mbili kabla ya safari, kila siku wakiwa huko, na siku saba baada ya kurudi. Kosa la kawaida ni kuacha siku wanaporudi Nairobi kwa kuwa hakuna mbu. Vimelea bado viko kwenye ini wakati huo. Daktari aamue dawa ipi baada ya kuona figo zao na dawa wanazotumia. Na homa yoyote, hata miezi baada ya safari, wapimwe siku hiyohiyo.

Bima: ile ya wazee wa Marekani, Medicare, kwa kawaida hailipi matibabu ya nje ya nchi. Ulizeni wana bima gani ya safari, na kama inalipa hospitali moja kwa moja au wao walipe kwanza wadai baadaye. Hospitali ya rufaa ya Kenyatta University iko karibu nanyi. Mmoja wenu aende kabla ya tarehe 20 ajue mlango wa dharura uko wapi na malipo ya kwanza yanafanywaje. Usiku wa tarehe 24 si wakati wa kuuliza njia.


DerevaSafariNdefu

Naunga mkono muuguzi, na barabara pekee ingetosha kuwazuia. Nairobi hadi Kakamega ni zaidi ya kilomita 350. Siku za kawaida hesabu saa nane na vituo vyake. Kati ya tarehe 21 na 24 Desemba gari zote zinaelekea upande mmoja, na msongamano unaanzia Rironi hadi kushuka Nakuru. Mtu mwenye kisukari na goti bovu ndani ya gari kwa saa kumi na mbili anavimba miguu na damu inaweza kuganda kwenye mishipa.

Wapelekeni Februari. Ondokeni saa kumi na mbili asubuhi, simameni kila baada ya saa mbili watembee dakika kumi, mlale Nakuru au Eldoret njiani. Halafu kuna choo. Nyumbani kwa mzee wa kanisa kikiwa ni choo cha shimo cha kuchuchumaa, fundi wa mbao atengeneze kiti chenye tundu, kimo cha sentimita 45, miguu minne iliyotanuka kidogo, na upande mmoja kishikio cha kujivutia. Kiwekwe juu ya shimo kabla hawajafika. Mama hatasema kwamba hawezi kuchuchumaa. Ataacha tu kunywa maji kutwa nzima, na kwa mwenye kisukari hilo ni hatari.


MamaOveni

Hapa kwenye biskuti naomba nafasi, maana najua uchungu wa mtu kuoka kitu cha kwao kikakataa.

Mapishi yake yatakuwa ya vikombe na vijiti vya siagi. Kikombe cha Kimarekani ni mililita 240, si kikombe cha chai cha nyumbani. Unga wa ngano kikombe kimoja ni gramu 120 hadi 125, sukari gramu 200, na kijiti kimoja cha siagi ni gramu 113. Mnunulieni mzani mdogo wa jikoni, ataacha kubahatisha. Oveni ya kwao inasoma Fahrenheit: 350 ni kama 177 ya kwetu, 375 ni 190.

Unga ndio mtego wa kwanza. Rafu za supamaketi zetu zina unga wa kawaida na unga uliotiwa hamira ya unga (baking powder) tayari, pakiti zinafanana. Akichukua ule wa pili kisha akaongeza hamira yake, biskuti zitavimba, zitatambaa na kuacha ladha ya chumvi chungu. Mtu aandamane naye mara ya kwanza amwonyeshe.

Mtego wa pili ni urefu wa Nairobi. Hewa ni nyepesi, kwa hiyo gesi ya hamira inatanuka kupita kiasi kabla unga haujashikana, halafu kitu kinaanguka katikati. Unyevu nao unakauka upesi, sukari inabaki nyingi, na biskuti zinatambaa kama chapati. Dawa yake: hamira ya unga apunguze robo, sukari apunguze kijiko kimoja au viwili vikubwa kwa kila kikombe, unga aongeze kijiko kimoja au viwili vikubwa kwa kila kikombe. Keki inataka pia vijiko viwili au vitatu vikubwa vya maziwa zaidi kwa kila kikombe cha maji ya mapishi, na joto juu kidogo, nyuzi 8 hadi 14 za Selsiasi, kwa muda mfupi zaidi. Kinyunya cha biskuti kikae kwenye friji saa moja kabla ya kukatwa, siagi igande. Aoke mbili tu za majaribio, atazame zilivyotambaa, ndipo aingize trei nzima. Haya yote yafanyike kati ya tarehe 10 na 15, si mkesha wa Krismasi.

Mtego wa tatu ni oveni yenyewe. Oveni za gesi za nyumba za kupanga moto wake uko chini tu na vile vitufe havisemi kweli. Nunueni kipimajoto cha oveni cha kutundika ndani. Waya wa kuwekea trei uwe theluthi ya juu, na chini yake muweke trei tupu ya kukinga moto. Bila hivyo chini panaungua na juu pamebaki peupe. Zigeuzwe upande katikati ya muda.

Sukari ya kahawia ya mapishi yao ni yenye unyevu kama mchanga wa ufukweni, yetu ni kavu. Achanganye kikombe cha sukari nyeupe na kijiko kimoja kikubwa cha molasi, asugue kwa uma mpaka rangi iwe moja. Pai ya malenge ya kopo wala asihangaike nayo: lenge la Marikiti lichemshwe kwa mvuke, lipondwe, lichujwe kwenye kitambaa usiku kucha maji yatoke, linakuwa bora kuliko la kopo.

Wakitaka bata mzinga kama wengi wa kwao, aagizwe mapema Desemba, na kwanza pimeni oveni. Bata wa kilo saba haingii kwenye jiko dogo na mtajua hilo saa nne asubuhi ya tarehe 25 mkishika bata mkononi. Akiwa amegandishwa, kila kilo mbili zinataka saa 24 za kuyeyuka ndani ya friji. Kilo sita ni siku tatu. Asiyeyushwe juu ya meza. Nyama ya paja ikifika nyuzi 74 imeiva. Kwa watu wanane mimi ningewashauri kuku wawili wa kienyeji: wachemshwe polepole na tangawizi na kitunguu saumu saa moja na nusu hadi walainike, kisha oveni dakika 30 za kubadilisha rangi. Mchuzi wake ndio upikie wali.

Wenyeji nao wakumbuke meno na presha. Nyama choma ya mbuzi ni heshima kubwa, lakini mgeni mwenye meno ya bandia ataila kwa mateso akitabasamu. Mkate vipande vidogo, au mtenge ya kuchemsha pembeni. Viungo vya pakiti vina chumvi tayari, kwa hiyo pilau ya wageni ipikwe kwa bizari, mdalasini, iliki na karafuu nzima, chumvi iwe mezani. Soda msimwekee mama mbele; chai bila sukari, sukari kando. Kachumbari ioshwe kwa maji yaliyochemshwa.

Mtungi wa gesi wa kilo 13 ujazwe tarehe 20, na wa kilo 6 uwepo wa akiba na regulata yake iliyojaribiwa. Oveni inakula gesi, na mara nyingi inaisha kuku akiwa ndani.


KatibuWageni_Kahawa

Mungu awabariki sana. Kakamega nimeisogeza Februari, na mwenye nyumba amekubali kutubadilishia wapate ya chini. Kibandiko cha chaja ya mzee kinasoma 100–240V.

Limebaki moja, na ndilo kubwa. Nimepitia orodha ya kamati: kati ya watu tisa, saba watakuwa ushago kuanzia tarehe 22. Wageni wataonaje? Na simu ya kuongea na wajukuu tuipange saa ngapi?


ShemasiMama_Zimmerman

Katibu, umeligusa penyewe. Nairobi ya Krismasi ni mji uliohamwa. Wageni wanapokewa tarehe 3 kwa nyimbo na vigelegele, kila Jumapili wanashikwa mikono na watu mia mbili, halafu tarehe 24 wanaamka ploti nzima imefungwa kufuli na hata kelele za matatu hazipo. Hawataelewa. Watadhani wamewakosea watu. Kwa hiyo jambo la kwanza ni kuwaeleza, wiki ya kwanza ya Desemba, kwamba hapa Krismasi mtu huenda kwa wazazi wake mashambani, na waliobaki mjini ni wachache. Wakilijua mapema, kimya hakitawaumiza vilevile.

Jumapili ya tarehe za mwanzo mwa Desemba waulizeni washarika nani anabaki. Daima wapo: manesi wa zamu, walinzi, wajane, familia zenye mtoto mchanga, wanafunzi wa kigeni. Chagua nyumba mbili tu. Moja iwachukue jioni ya tarehe 24, nyingine chakula cha mchana tarehe 25. Majina na namba za simu zibandikwe nyumbani kwao, pamoja na dereva mmoja anayejulikana. Nauli na teksi siku hizo hupanda na magari hupungua, kwa hiyo dereva alipwe mapema.

Simu. Minnesota mwezi wa Desemba iko nyuma yetu saa tisa. Asubuhi yao ya saa mbili, watoto wakifungua zawadi, ni saa kumi na moja jioni kwetu siku hiyohiyo ya tarehe 25. Hiyo ndiyo saa nzuri. Wakiitaka ibada yao ya mkesha ya saa kumi na mbili jioni tarehe 24, kwetu ni saa tisa usiku kuamkia 25, wazee wa presha wasiamshwe saa hizo. Mwandikieni 5:00 PM Nairobi, 8:00 AM Minnesota, kwa tarakimu. Ukimwambia Mmarekani saa kumi na moja atasikia 11, na atakaa mbele ya simu saa sita nyingine au awe ameshachelewa.

Chakula cha mchana kiishe saa nane na nusu, warudi nyumbani walale saa moja, waoge, ndipo simu. Msiwaambie waimbe kwaya saa kumi. Jaribuni simu hiyo tarehe 20 wakati uleule. Muwe na bando kwenye laini ya mtandao mwingine kama akiba. Simu isishikwe mkononi. Wekeni kwenye kishikilio, dirisha liwe mbele ya nyuso zao si mgongoni, maana jua la jioni nyuma yao litawafanya vivuli na wajukuu hawataona macho ya nyanya yao. Baada ya hapo tokeni nje, muwaache.

Waandikie watoto wao Minnesota sasa hivi, kwa siri kama inawezekana. Kila mjukuu aandike barua moja na kuchora pambo moja la karatasi, vifungwe kwenye bahasha bapa viwekwe chini ya sanduku. Haina uzito, na haitegemei posta. Vifurushi vya posta vya Desemba vinaweza kufika Februari na ushuru juu yake. Waambie pia wasifunge vitu kwa mifuko ya plastiki ya kubebea, imepigwa marufuku Kenya tangu 28 Agosti 2017. Watumie vitambaa au mifuko ya karatasi. Mapambo hayo yatundikwe kwenye tawi la msaipresi, wanauza kando ya barabara kuanzia mapema Desemba. Likate chini upya sentimita mbili, simamisha ndani ya ndoo yenye kokoto na maji, ongeza maji kila asubuhi. Bila maji linakauka ndani ya wiki na kupukutika zulia zima.

Wapeni kazi ya ibadani. Mmisionari mzee hakuvuka bahari ili aketishwe kiti cha mbele apigiwe makofi. Mzee asome Luka 2, mstari wa 10 na 11, kwa Kiswahili. Mistari miwili, wiki tatu za mazoezi, kijana mmoja amfundishe kila Jumatano. Mama aoke na watoto wa shule ya Jumapili waliobaki mjini, sita au wanane, wasizidi. Mikono ya watoto ndani ya unga itamfaa kuliko hotuba zetu zote.

Siku ngumu kuliko zote si tarehe 25, ni 26. Simu imeisha, vyombo vimeoshwa, na mtu anahesabu miezi iliyobaki. Mmoja wenu aliyebaki awachukue asubuhi na mapema, saa moja na nusu, msitu wa Karura kabla watu hawajajaa, njia za tambarare, mwendo wa goti la mama. Mweleze mzee kwamba msitu huo upo leo kwa sababu Wangari Maathai na wenzake waliupigania mwaka 1999. Wazee hupenda kujua wanakanyaga wapi. Mkesha wa mwaka mpya wakaribisheni, lakini gari iwepo saa nne usiku ya kuwarudisha, na mchungaji awe ameshawaambia hadharani kwamba kuondoka mapema si kosa.


MuuguziMstaafu_Ruiru

Nyongeza moja kwa Shemasi. Kwenye Karura mama abebe kipimo chake cha sukari na ndizi moja mfukoni. Akitembea asubuhi baada ya dawa bila kula vizuri, sukari inaweza kushuka. Akianza kutetemeka na kutoka jasho la baridi, ale ndizi palepale, aketi dakika 15, apime tena ndipo waendelee.


KatibuWageni_Kahawa

Nimeandika kila kitu. Leo jioni nampigia binti yao kuhusu bahasha za wajukuu. Manesi wawili wa zamu na mama mmoja mjane wamekubali tarehe 24 na 25. Mzani na kipimajoto cha oveni nanunua Jumamosi. Fundi, nakuomba Jumanne saa tatu asubuhi uje uangalie ule waya wa athi.


FundiStima_Githurai

Jumanne saa tatu nipo. Mwambie mwenye nyumba aache ufunguo wa sanduku la mita, na kabla sijafika usiruhusu mtu aoge kwa shawa hiyo.